Uso Uliofunuliwa kwa Makofi

Kumsenga, Kibondo
4 Machi 2025

Obedi,

Huna aibu. Naanza na hilo kwa sababu salamu ni ya mtu mwenye adabu, nawe adabu uliiacha kwenye huo ukumbi wenu wa Kasulu pamoja na uso wa mtu.

Odilia, binti wa jirani yetu, ndiye aliyewapikia chai kwenye mkutano. Juzi kaja kumwona mamake, kasimama kisimani anawachekesha wanawake. Eti mjukuu wa Ntirampeba ana mashine inayotazama mikono! Akiinua kiganja, picha ukutani inaondoka, inakuja nyingine. Akisema neno, inatii. Mimi nasikiliza na ndoo yangu, najivuna, sikufichi. Nikasema moyoni, huyo nimemlea mimi kwa jembe. Kisha Odilia akasema, "Na yule Mkongomani wenu wa sabuni naye alikuwemo. Mzuri kweli! Uso ulikuwa unatokea, unapotea, unatokea, kama mtu anachungulia."

Ndoo nikaiweka chini.

Sikia, mtoto wewe. Nsimire hakuja kwangu kutembea. Alitoroka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mtoto mgongoni, jicho moja limefumba kwa kipigo cha mumewe, Wilondja. Alianza kunilimia maharage kwa kibarua, nikamwambia jembe liweke ndani, na wewe ulale humu. Wilondja ameapa kwamba siku akimpata hatamwacha mzima, na aliapa kanisani, mbele za watu, huku analia machozi. Ulipokuja Krismasi kumpiga picha akikoroga sabuni, Nsimire alikataa. Aliyemwambia akubali ni mimi, kwa sababu ulinishika goti ukasema, "Bibi, uso nitaufunika, hata mama yake mzazi hatamjua."

Sasa nijibu: uliufunika au hukuufunika? Nimekupigia kwa simu ya jirani, ukasema uko kikaoni, ukakata. Ndiyo maana naandika. Darasa la nne nililosoma linatosha kukugombeza. Jibu mpe Hamis, kondakta wa basi la Kibondo. Simu inakatwa, karatasi utakaa nayo.

Bibi yako,
Ntirampeba


Kasulu
8 Machi 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Odilia anatia chumvi, unamjua. Uso niliufunika. Ngoja nikueleze mashine yenyewe ili usiyumbishwe na habari za kisimani.

Ni kompyuta yangu ileile, ina kamera ndogo kama jicho. Nimeifundisha mikono yangu na sauti yangu. Kiganja juu, slaidi inasonga mbele. Nikisema "rudi", inarudi. Halafu kuna kitu nimekiita pazia. Naweza kuficha sehemu ya picha, nikawauliza wanafunzi, "Jani hili lina ugonjwa gani?" Wakishajibu nakutanisha viganja viwili, pazia linafunguka, nikiviachanisha, linajifunga. Na nikisema "funika", linafunga moja kwa moja, hata nifanye nini halifunguki. Mwalimu hashiki kitu, wala hawageuzii watoto mgongo.

Uso wa Nsimire niliufunika kwa pazia hilohilo. Lilifunguka kidogo tu, kama kope, hitilafu ndogo ya kawaida. Waliokuwepo ni maofisa na walimu, wengi wametoka mikoa mingine, hata Kumsenga hawajui iko wapi. Na mkutano wenyewe ulikuwa wa kuwalinda wanawake waliokimbia ukatili. Nani aje kumdhuru mtu humo, bibi?

Habari kubwa ni kwamba nimechaguliwa kwenda Dodoma kuionyesha mbele ya wakubwa wa elimu. Wakiikubali, ajira yangu imepatikana. Niombee.

Msalimie Nsimire. Mwambie picha yake ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Mjukuu wako,
Obedi


Kumsenga
11 Machi 2025

Obedi,

Kope! Umekaa, umeshika kalamu, ukaandika kope.

Nimemsomea Nsimire barua yako. Ule mwisho wa kupendwa nimeuruka, maana haya ninayo mimi hata kama wewe huna. Alikuwa anamenya mihogo. Aliinuka, akamfuata mwanawe Nadège aliyekuwa anacheza uani, akamfunga mgongoni, akarudi kumenya. Mtoto mkubwa yule, anakimbia, anapanda kichuguu, lakini tangu siku hiyo hamshushi. Anateka maji naye. Anachanja kuni naye. Nikimwambia mpe mtoto miguu yake, ananitazama kama nimemwambia amtupe.

Na hiyo mashine yako, mimi nimewapungia kuku mkono maisha yangu yote, hata siku moja hawajanitii. Sasa bati lenye jicho linakutii wewe kwa sababu limekufahamu nini? Kitu kinachotii mkono bila kujua mwenye mkono anataka nini ni mbwa wa mwizi. Pazia! Kidonda hakifunikwi kwa kitambaa kinachopeperuka. Kwa nini hukuukata huo uso ukautupa?

Odilia nimemwita ndani nikamkalisha. Kicheko kimemwisha. Anasema haikuwa kope. Anasema mzee Ininahazwe, yule mwalimu mkuu mstaafu, aliingia amechelewa akiwa na fimbo yake, nawe ukaacha kusema, ukainama, ukamsalimia "mwakeye" kwa makofi kama tunavyosalimia wakubwa huku kwetu, polepole, mpaka mzee amalize kuitikia. Na kila viganja vyako vilipokutana, uso wa Nsimire ulitokea ukutani mkubwa kama jamvi, nawe umeinama huoni.

Makofi hayo nilikufundisha mimi. Ulikuwa hujaota meno ya mbele, nikikushika mikono yote miwili. Kwa hiyo usidhani nakuuliza ili nikucheke.

Ni kweli au si kweli? Na usiniandikie vyeo vya watu. Niandikie, watu wa kambini walikuwemo au hawakuwemo?

Ntirampeba


Kasulu
15 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo. Ni kweli.

Mzee alipoingia mwili wangu uliinama wenyewe. Hata sikufikiri. Mtu hawezi kumwona mzee amesimama mlangoni halafu aendelee kupunga mikono hewani. Niliposikia watu wanacheka nikadhani wamefurahi kuona kijana wa kompyuta anaamkia kwa heshima. Kisha nikageuka.

Niliogopa, bibi. Nikavifumbata viganja kama mtu anayeomba, na kwa kuwa vilikuwa vimekutana, uso ukabaki wazi. Nikapaza sauti, "Funika! Funika!" Mashine haikusikia. Nilikuwa nimeifundisha chumbani kwangu, kwa sauti yangu ya utulivu. Sauti yangu ya hofu haikuijua. Mwishowe nikachomoa waya.

Watu wa kambini walikuwemo. Kamati yao ilialikwa, wanaume na wanawake, na viongozi wa kwaya. Mwanamume mmoja alisimama uso ulipokuwa wazi, kisha akatoka. Sikumjua. Huenda alikwenda kujisaidia. Kwenye ile picha, nyuma ya Nsimire, mlango wako wa bluu unaonekana, lakini milango ya bluu ni mingi.

Nisamehe. Mpeleke Nsimire kwa watu wa ustawi wa jamii wamtafutie mahali. Ila nakuomba jambo moja, kwanza niende Dodoma nirudi, ndipo uende. Wakisikia sasa kwamba mashine ilifunua mtu, safari yangu imekufa.

Obedi


Kumsenga
18 Machi 2025

Kaka Obedi,

Jambo. Niliomba Bibi karatasi. Mimi nilisoma kule kwetu, naweza kuandika mwenyewe.

Sina hasira na weye. Ulisalimia muzee, hiyo si mubaya. Nataka kitu moja tu. Ule mutu alisimama, umuwaze muzuri. Ni murefu? Mukono yake ya kushoto inakosa kidole ya mwisho? Anaongea polepole, anapenda kuuliza mutu habari ya mama yake, habari ya nyumba yake, mpaka mutu anamupenda?

Kama ni ule, ni Wilondja.

Usiogope kuniambia. Kama ni yeye, nitakamata mutoto na nitaenda fasi ingine. Niko na dada yangu Eugénie upande wa Manyovu, atanipokea. Kama si yeye, nitabakia hapa. Nadège amezoea, anamuita Bibi "koko" kama vile njo bibi yake ya kuzaliwa. Na mimi nimechoka kukimbia. Sitaki kukimbia bure, na sitaki kubakia nikamatwe.

Unijibu kwa neno moja, ndiyo ao hapana. Siku ya soko nitangoja Hamis pale basi inasimama.

Nsimire, mama Nadège


Kumsenga
28 Machi 2025

Obedi,

Nsimire alimngoja Hamis siku ya soko. Hamis akashuka mikono mitupu. Akamngoja na soko lililofuata. Hamis akamwambia, "Shemeji, barua nilimkabidhi mkononi, akaisoma nimesimama pale pale. Akaniambia nenda tu, hakuna jibu."

Nsimire akarudi nyumbani amechangamka. Akaniambia, "Bibi, kama ingekuwa yeye, Obedi angesema. Kunyamaza ni hapana." Kifurushi alichokuwa amekifunga akakifungua, nguo za mtoto akazitundika ukutani. Akamshusha Nadège mgongoni. Siku hiyo alitwanga sombe, kisamvu cha kwao, akaimba, na mimi nilimkemea anapiga kelele. Nilimkemea, Obedi.

Jana mchana nilikwenda kusaga mahindi, mtoto nikaenda naye. Wilondja akateremka kwenye bodaboda pale ghalani. Hakumuuliza mtu njia. Nimezunguka nyumba hadi nyumba, nimeuliza mpaka walevi: hakumuuliza mtu. Alilipita ghala, akakata njia ya migomba, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, huku anawaamkia watu kwa upole, nao wakamwitikia. Akaingia. Akafunga mlango kwa ndani.

Nilipofika, watu walikuwa wameuvunja. Nilichokiona sikuandikii. Taya limevunjika, na mkono wa kulia. Jicho la kulia sijui kama litaona. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya mihogo, kichwa chake mapajani kwangu, na njia nzima alikuwa anatafuta kwa mkono mmoja mahali mtoto alipo.

Wilondja yuko kituoni Kibondo. Anaongea taratibu kama padri. Anasema mkewe alimwita mwenyewe, walikuwa wameshapatana, alipofika akamkuta ameshapigwa na watu asiowajua, akafunga mlango ili kumlinda. Wamekuja wenzake kusema ni mtu wa kwaya, hajawahi kumkanyaga hata sisimizi.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kama ulivyozoea. Wewe uliandika kwamba mtu alisimama akatoka. Mtu aliyetoka aliona picha ya mlango. Njia ya migomba haikuwa kwenye picha. Alipewa na nani?

Ntirampeba


Kasulu
31 Machi 2025

Bibi,

Hakutoka.

Nilikudanganya. Alisimama, kisha akakaa, akangoja mpaka mwisho. Watu walipokwenda kula akaja kunipa mkono. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ndipo nikaona kidole kisichokuwepo. Wakati ule kidole hakikuwa na maana kwangu. Akasema, "Kijana, mashine hii ni ya ajabu. Mama yako ana bahati." Nikamwambia nimelelewa na bibi. Akauliza habari zako, kama una afya, kama bado unalima. Hakuna mtu mwingine pale aliyeniuliza habari za nyumbani, bibi. Wengine wote waliniuliza kuhusu kamera. Akasema ule mlango wa bluu unaonyesha ni nyumba ya mtu wa heshima. Akasema yeye hununua sabuni na kuiuza kambini, na ile ya kwenye picha inaonekana nzuri.

Nikajivuna. Nikamwambia ndiyo nyumba ya bibi yangu, Kumsenga, ukishalipita ghala unakata njia ya migomba.

Naapa sikujua ni nani. Nilijua barua ya Nsimire ilipofika. Niliisoma Hamis akiwa amesimama mbele yangu. Nilichukua kalamu. Nikafikiri, nikiandika "ndiyo" wataniuliza kidole nilikionaje, na nikishaeleza kidole nitaeleza yote, na basi la Dodoma lilikuwa kesho yake asubuhi. Nikasema nitaandika nikirudi. Nikasema huenda kweli anataka sabuni.

Dodoma waliipenda. Mzungumzaji baada yangu aliniita kipenzi cha taifa, watu wakacheka. Nafasi wamenipa.

Bibi, nikienda kituoni kusema haya, nafasi hiyo itaondoka. Watauliza kwa nini nilionyesha uso wa mkimbizi aliyejificha. Na wewe watakuuliza kwa nini ulimweka nyumbani nje ya kambi bila kibali. Tutaangamia wote wawili na Nsimire hatapona kwa hilo. Mashine ndiyo iliyomfunua. Ningekuwa na kompyuta ya kawaida ya kubonyeza, haya yasingetokea.

Nifanye nini?

Obedi


Kumsenga
3 Aprili 2025

Obedi,

Mashine haina mdomo wa kusema njia ya migomba. Usinitajie tena.

Makofi nimekusamehe. Makofi yalikuwa adabu, na adabu inaweza kumponza mtu kama mvua inavyoweza kumponza. Hata njia uliyomwonyesha, ungekuwa umekosa kama kijana mpumbavu aliyesifiwa akavimba. Wapo wengi. Lakini mtu alikuuliza neno moja, akiwa na mtoto mgongoni, na neno hilo ulikuwa nalo mkononi pamoja na kalamu. Ukapanda basi. Hapo hukumkosea kwa bahati mbaya.

Na usinitishe na kuangamia. Kituoni nilishakwenda mwenyewe. Nikawaambia andikeni: mimi Ntirampeba ndiye niliyemkaribisha, kibali sikuomba, mkeka nilimtandikia mimi. Askari, kijana wa mbali huko, akaniambia, "Bibi, si ungenyamaza tu?" Nikamwambia nina mjukuu anayejua kunyamaza, anatutosha ukoo mzima.

Juzi huyo askari alikuja wodini kuchukua maelezo. Nsimire taya limefungwa waya, mkono wa kuandikia uko kwenye plasta. Akamuuliza, "Mama, ulimwita mumeo?" Nsimire akainua mkono wa kushoto, akautikisa. Hapana. Mtoto wa kunyonya angeelewa. Akauliza tena, akautikisa tena, mpaka jasho likamtoka. Askari akasema, "Mimi kwenye karatasi nahitaji maneno, mama." Nikamwambia, wewe mtu mzima mwenye macho mawili unashindwa na bati la mjukuu wangu? Akanitoa nje. Nikakaa kwenye benchi nikalia, na sijawahi kulia mbele za watu tangu nimzike babu yako. Nesi akaniletea maji nikamfukuza.

Baadaye askari akanifuata pale benchi. Si mtu mbaya. Akaniambia, Wilondja anashikilia kwamba aliitwa. Akipatikana mtu wa kusema kwamba aliipeleleza nyumba kabla hajaja, uongo huo unaanguka na kesi inapata nguvu. Asipopatikana, Jumanne anaachiwa, arudi kambini, na mke atakapotoka hospitali ni wake.

Askari alikuwa anaongea mlango uko wazi. Nsimire alisikia. Nilipoingia akanionyesha kwa mkono nimlete mtoto karibu. Akamshika mguu. Hakumwachia mpaka mtoto akalala vile vile amesimama, ameegemea kitanda.

Nsimire hajui uliyoniandikia. Anadhani mtu uliyemwona hukumtambua. Juzi alinionyesha kwa kidole ule upande wa Kasulu, akagusa kifua, akanitazama. Nadhani alikuwa anakuulizia hali yako. Sikumjibu. Hiyo si kazi yangu.

Panda basi la Jumatatu asubuhi. Nyumbani usipite, sitakufungulia. Nenda moja kwa moja kituoni, kaa kwenye kiti, sema: nilimwona, ana kidole kinachokosekana, aliniuliza hivi, nikamjibu hivi. Sema na habari ya barua uliyoisoma ukaacha kuijibu. Walichoandika kisome kabla hujasaini, msomi ni wewe. Ukitoka hapo nenda wodini. Kaa upande wake wa kushoto, jicho la kulia limezibwa, umwambie yote wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Na usiinuke hapo kando yake mpaka yeye atakapomaliza kukutazama.

Ntirampeba